Jinsi ya kuchagua njia ya kuwasilisha ripoti yako ya ushuru mtandaoni

Na MWANDISHI WETU

KILA ufikapo mwezi wa Juni, milolongo hurefuka nje ya saiba za mijini na katika vituo vya Huduma. Walioajiriwa, wenye vibanda na wenye nyumba za kukodisha hukimbilia kuwasilisha ripoti za ushuru kabla ya makataa ya Juni 30, na wengi wao humkabidhi mhudumu wa saiba nambari ya PIN na neno la siri bila kuuliza lolote.

Dakika chache baadaye hupewa karatasi iliyopigwa chapa, wakalipa na kwenda zao. Ni wachache wanaosoma yaliyoandikwa katika karatasi hiyo. Wapo ambao, ingawa hukatwa ushuru wa mshahara (PAYE) kila mwezi, risiti yao huonyesha kwamba hawakupata hata senti moja mwaka mzima.

Mara nyingi kosa hili hutokana na kutumia chombo kisichomfaa mlipaji. Mtandao wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) una njia kadhaa za kuandaa na kuwasilisha ripoti, na kila njia ilitungiwa watu wa aina yake. Anayepita njia isiyo yake huenda akalipa faini, akadaiwa ushuru asioutarajia au akaacha fedha zake mikononi mwa serikali.

Kwa wenzetu wa Marekani, mlipaji huchagua kati ya programu za kampuni za kibiashara kama vile TurboTax na H&R Block, na mara nyingi hulipia huduma hiyo. Hapa Kenya mambo ni tofauti. Chombo kikuu hutolewa na KRA yenyewe, na kuwasilisha ripoti hakulipiwi ada yoyote. Fedha unazotoa saiba ni malipo ya tarakilishi, karatasi na kazi ya mhudumu.

Swali basi si programu ipi ununue, bali ni fomu ipi kati ya zile za iTax inayolingana na mapato yako.

ANZA NA MAPATO, SI TARAKILISHI

Kabla ya kufungua tovuti, keti na ujiulize ulipata fedha kutoka wapi katika mwaka unaoripotiwa. Mapato ya kuanzia Januari hadi Desemba huripotiwa kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Ikiwa una PIN lakini hukupata mapato yoyote, mathalan wewe ni mwanafunzi au ulikuwa ukitafuta kazi mwaka mzima, ripoti yako ni ile ya sufuri ambayo wengi huiita 'nil'. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kupakua wala kujaza jedwali lolote.

Ikiwa mapato yako yote yalitoka kwa mwajiri, ipo fomu maalumu ya mapato ya ajira pekee. Hujazwa moja kwa moja ndani ya tovuti.

Ikiwa ulikuwa na mshahara pamoja na mapato mengine, kwa mfano biashara, kazi za ushauri au shamba, utahitaji fomu kamili ya mtu binafsi, ambayo hupakuliwa ikiwa jedwali la Excel, ikajazwa kisha ikarejeshwa katika tovuti.

Wenye nyumba za makazi na wenye biashara ndogo wana fomu zao nyingine ambazo huwasilishwa kila mwezi. Tutawarejelea baadaye.

RIPOTI YA SUFURI SI NJIA YA MKATO

Wepesi wa ripoti ya sufuri ndio unaowaponza wengi. Mhudumu mwenye wateja hamsini nje hana muda wa kujaza takwimu za mshahara, na mteja mwenyewe huenda amesahau kubeba fomu ya P9. Sufuri humaliza kazi upesi.

Lakini mwajiri wako huwasilisha kwa KRA, kila mwezi, orodha ya wafanyakazi wake, mishahara yao na ushuru aliowakata. Ukisema hukupata chochote ilhali mwajiri amesema alikulipa, taarifa hizo mbili hukinzana ndani ya mfumo mmoja. Mwenye kueleza tofauti hiyo ni wewe, wala si mhudumu wa saiba.

Aliyekwisha kuteleza bado ana nafasi ya kujirekebisha. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 humruhusu mlipaji kuwasilisha ripoti iliyorekebishwa ndani ya miaka mitano, na iTax ina sehemu ya kufanyia hivyo. Ni heri urekebishe kabla hujaulizwa.

FOMU YA MWENYE MSHAHARA PEKEE

Kwa mfanyakazi wa kawaida, fomu ya mapato ya ajira pekee ndiyo chaguo bora. Haihitaji Excel wala tarakilishi yenye nguvu, na hufunguka katika kivinjari chochote cha kisasa.

Faida yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya takwimu huwa imejazwa tayari kutokana na taarifa za mwajiri. Kazi yako ni kulinganisha takwimu hizo na fomu ya P9 unayopewa na mwajiri, ambayo huorodhesha mshahara, makato na ushuru wa kila mwezi.

Usikubali tu kilichojazwa kwa sababu kimetoka kwenye mashine. Ikiwa P9 inasema ulikatwa ushuru kwa miezi 12 na iTax inaonyesha miezi tisa, huenda mwajiri hakuwasilisha taarifa za miezi mitatu, au alikukata asifikishe fedha hizo. Mtafute mhasibu wa kampuni mapema, Februari au Machi, wala usingoje wiki ya mwisho ya Juni wakati ambapo kila mtu anamtafuta.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulipuuza. Fomu hii huweza kupokea zaidi ya mwajiri mmoja. Aliyefanya kazi mahali pawili katika mwaka mmoja sharti aweke P9 zote mbili.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa mwalimu anayefundisha shule moja mchana na chuo kingine jioni, tukitumia viwango vya ushuru vya mwaka 2025. Baada ya makato ya NSSF, bima ya afya ya SHIF na ada ya nyumba, mapato yanayotozwa ushuru ni Sh40,000 kwa mwezi shuleni na Sh30,000 chuoni.

Kila mwajiri akimhesabia kana kwamba ndiye mwajiri wake wa pekee, na kila mmoja akimpa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, shule itamkata takriban Sh4,383 na chuo Sh1,500. Jumla ni Sh5,883 kwa mwezi, au takriban Sh70,600 kwa mwaka.

Sheria hata hivyo humtazama mwalimu huyu kama mtu mmoja mwenye mapato ya Sh70,000 kwa mwezi na nafuu moja tu. Ushuru wake halisi ni takriban Sh13,383 kwa mwezi, yaani karibu Sh160,600 kwa mwaka. Anadaiwa Sh90,000.

Akiwasilisha kwa P9 ya shule peke yake, deni hilo halitoweki. Linalala tu, likisubiri siku KRA italinganisha kumbukumbu zake. Deni lililochelewa hutozwa adhabu ya asilimia tano na riba ya asilimia moja kwa kila mwezi. Njia bora ni kumweleza mwajiri wa pili tangu mwanzo kwamba nafuu yako tayari inatolewa kwingine.

Hesabu pia huweza kumfaa mlipaji. Tuseme mtu alikuwa na mapato ya Sh60,000 yanayotozwa ushuru kila mwezi, akapoteza kazi mwishoni mwa Juni 2025 na hakupata nyingine mwaka huo. Alikatwa takriban Sh10,383 kila mwezi, jumla Sh62,300 kwa miezi sita.

PAYE hukatwa kwa kuchukulia kwamba mshahara huo utaendelea mwaka mzima. Kumbe mapato yake ya mwaka yalikuwa Sh360,000 pekee. Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10 na Sh72,000 zilizosalia asilimia 25, jumla Sh46,800. Ukiondoa nafuu ya mwaka ya Sh28,800, ushuru wake ni Sh18,000.

Huyu alilipa takriban Sh44,300 zaidi ya alivyopaswa. Akiwasilisha ripoti kamili, mfumo utamwonyesha kiasi hicho naye ataweza kuomba kurejeshewa, ombi ambalo KRA hulichunguza kabla ya kulipa. Akikimbilia sufuri kwa kuwa 'sina kazi siku hizi', ataipoteza haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Ombi la kurejeshewa ushuru wa mapato linapaswa kutolewa ndani ya miaka mitano tangu siku ulipolipwa.

JEDWALI LA EXCEL NA VITUKO VYAKE

Fomu kamili ndiyo inayowatoa watu jasho. Ni jedwali lenye kurasa nyingi, na ndani yake mna programu ndogo ziitwazo makro ambazo hukokotoa ushuru, hukagua makosa na mwishowe huunda faili iliyobanwa ya aina ya zip. Faili hiyo ya zip ndiyo inayopakiwa katika iTax, wala si jedwali lenyewe.

Makro hizo zinahitaji Excel halisi ya Microsoft katika tarakilishi. Google Sheets haiziendeshi, wala Excel ya simu haiwezi. Anayejaribu kujaza fomu hii kwa simu atahangaika bure.

Tatizo jingine ni kwamba tangu mwaka 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizopakuliwa kutoka mtandaoni. Ukibofya kitufe cha kukagua na kukuta hakuna kinachotokea, funga jedwali, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake na uondoe alama ya kizuizi. Fanya hivyo kwa faili uliyoipakua mwenyewe ndani ya iTax pekee. Makro ya kutoka kwa mtu usiyemjua huweza kuwa mtego.

Asiye na Excel hana haja ya kuinunua kwa sababu ya ushuru. KRA hutoa pia toleo la ODS la fomu hiyo ambalo hufunguliwa kwa LibreOffice, programu inayopatikana bila malipo. Hapa napo sharti uruhusu makro katika mipangilio ya usalama.

Ukurasa wa kwanza wa fomu una maswali ya ndiyo na la: je, una bima? Una mkopo wa nyumba? Una cheti cha msamaha wa ushuru kwa sababu ya ulemavu? Yajibu kwa makini kwani majibu yako ndiyo yanayoamua kurasa zitakazofunguka. Anayejibu 'la' kwa haraka hujifungia mlango wa nafuu aliyostahili.

Kwa mfano, anayelipia bima ya maisha Sh4,000 kila mwezi hustahili nafuu ya asilimia 15 ya ada hizo, yaani Sh7,200 kwa mwaka. Kiwango cha juu cha nafuu hiyo ni Sh60,000 kwa mwaka.

Kadhalika, usitumie faili uliyoihifadhi mwaka uliopita. Sheria hubadilika na fomu hubadilika nayo. Kuanzia Desemba 27, 2024, michango ya SHIF na ada ya nyumba ilianza kuondolewa katika mapato kabla ya ushuru kukokotolewa, na kiwango cha juu cha riba ya mkopo wa nyumba inayoondolewa kikapanda kutoka Sh300,000 hadi Sh360,000 kwa mwaka. Jedwali la zamani halijui lolote kuhusu mabadiliko hayo.

NJIA YA SIMU

KRA ina programu ya simu iitwayo KRA M-Service. Hii inawafaa watu wa aina tatu: mwenye ripoti ya sufuri, mwenye nyumba za makazi na mwenye biashara ndogo anayelipa ushuru wa mauzo.

Mwenye nyumba za makazi ambaye kodi anayokusanya kwa mwaka ni kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni hutozwa asilimia 7.5 ya kodi hiyo, kiwango kilichoanza kutumika Januari 2024. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Huripoti na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mwenye biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka ni kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni hutozwa asilimia tatu ya mauzo hayo, naye pia kufikia tarehe 20. Kwa watu hawa wenye ripoti 12 za mwezi kwa mwaka, simu huwapunguzia safari nyingi.

Anayekodisha nyumba kwa mkondo huu na pia ameajiriwa asidhani kwamba simu imemaliza kazi. Mshahara wake bado unahitaji ripoti ya mwaka.

Wafanyabiashara wengine wana chombo kingine cha kuchagua mapema, nacho ni mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na stakabadhi ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria, haikubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa ushuru. Mwishoni mwa 2025, KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2026 ingelinganisha mapato na gharama zinazotajwa katika ripoti na kumbukumbu za eTIMS, za ushuru wa zuio na za forodha.

Maana yake ni kwamba Juni haitoshi tena kukusanya karatasi. Usipodai stakabadhi sahihi siku ya kununua bidhaa, hakuna programu itakayokuokoa miezi 18 baadaye.

UNAPOMTUMIA MTU MWINGINE

Si kila mtu ana tarakilishi au muda, na hakuna aibu kutafuta msaada. Vituo vya Huduma na ofisi za KRA husaidia bila malipo, hasa ukifika mapema kabla ya msongamano.

Ukimwajiri mtaalamu, mtake awe wakala wa ushuru aliyeidhinishwa na KRA. iTax ina sehemu ambapo mlipaji humteua wakala kutoka akaunti yake. Wakala huyo hufanya kazi kupitia akaunti yake mwenyewe, na wewe hulazimiki kumpa neno lako la siri. Mkiachana, unamwondoa.

Kanuni hiyo hiyo itumie kupima programu za watu binafsi zinazotangazwa katika simu na mitandao ya kijamii. Jiulize: mwenye programu ni nani? Anakutoza kiasi gani? Anahifadhi wapi taarifa zako? Anataka neno la siri la iTax? Programu inayokuahidi kurejeshewa fedha kabla haijaona P9 yako ni ya kukimbiwa.

Hatari kubwa zaidi katika saiba ni baruapepe. Wengi waliosajiliwa PIN na wahudumu waliandikishiwa anwani za baruapepe wasizozifahamu. Ilani za KRA na maagizo ya kubadilisha neno la siri hutumwa huko. Mwenye anwani hiyo ndiye mwenye ufunguo wa nyumba yako. Ingia katika akaunti uhakikishe kwamba baruapepe na nambari ya simu ni zako. Ukilazimika kutumia tarakilishi ya saiba, charaza neno la siri mwenyewe, toka katika akaunti ukimaliza na ufute faili ulizopakua.

KABLA NA BAADA YA KUBOFYA

Kabla ya kuwasilisha, soma ukurasa wa mwisho wa hesabu. Mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja aliyekatwa ipasavyo mwaka mzima aghalabu hukuta sufuri au tofauti ya shilingi chache. Ukiona deni la maelfu, usibofye. Chunguza kama ushuru uliokatwa na mwajiri umejazwa, na kama nafuu ya kibinafsi imo.

Baada ya kuwasilisha, iTax hutoa risiti ya kuthibitisha kupokewa kwa ripoti. Ihifadhi katika baruapepe yako na uchapishe nakala. Ikiwa unadaiwa, tengeneza nambari ya malipo iitwayo PRN na ulipe kupitia benki au simu. Kuwasilisha ripoti bila kulipa deni ni nusu ya kazi.

Sheria humtaka mlipaji kuhifadhi kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Tenga folda moja kwa kila mwaka, utie humo P9, risiti za bima, vyeti vya benki na risiti ya iTax.

Anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia tano ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa. Hata asiyedaiwa senti hutozwa Sh2,000 hizo, na huzidi mwaka baada ya mwaka kwa anayeendelea kunyamaza.

Kwa muhtasari: asiye na mapato atumie ripoti ya sufuri, mwenye mshahara pekee, fomu ya ndani ya tovuti, mwenye mshahara na mapato mengine, jedwali la Excel au ODS, mwenye nyumba au duka dogo, programu ya simu kila mwezi. Na yeyote kati yao asiache neno la siri mikononi mwa mtu mwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo limo mtandaoni, lakini mwenye mali ni yule yule, na ndiye atakayeulizwa.